Mkanda au Gia: Maneno kwa Mafundi na Waongozaji wa Kwadi

(Mazungumzo mbele ya mafundi na waongozaji wa pikipiki za magurudumu manne, Diani, kabla ya msimu wa wageni.)

Wazee wangu, ndugu zangu mafundi, na nyinyi vijana mnaowapeleka wageni mchangani kila siku, asalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme ipi bora, kwadi ya mkanda au kwadi ya gia. Nitalijibu swali hilo, lakini kwanza pokeeni hii mikanda mitatu. Mwenye kuketi mbele aishike, aipeleke kwa jirani yake, hivyo hivyo mpaka nyuma, kisha inirudie. Msiifute. Uchafu ulio juu yake nimeuacha makusudi.

Wakati inazunguka, tukumbuke mashine ya kusaga mahindi. Mota iko huku, kinu kiko kule, mkanda katikati. Puli ya mota ni ndogo, ya kinu ni kubwa, ndiyo maana kinu kinazunguka taratibu lakini kwa nguvu. Ukitaka kiende mbio, unabadilisha puli. Sasa chukulia kwamba puli zenyewe zinaweza kunenepa na kukonda huku mkanda unazunguka, bila mtu kugusa spana. Hiyo ndiyo kwadi ya mkanda.

Kila puli ni nusu mbili, mfano wa sahani mbili zilizopeana migongo, na mkanda umekaa kwenye bonde lililo kati yao. Puli ya mbele imefungwa kwenye injini, na ndani yake mna vizito. Injini ikipanda mzunguko, vizito vinarushwa nje, vinazisukuma zile sahani zikaribiane, na mkanda unakosa pa kukaa ila kupanda juu. Nyuma kuna puli ya pili yenye springi. Mkanda ukivutwa mbele, sahani za nyuma zinaachana na mkanda unazama. Umepata mwendo. Ukifika mlimani, mzigo unaisokota ile puli ya nyuma kwenye njia yake ya mshazari, inajifunga, mkanda unapanda tena nyuma na kushuka mbele. Gia imerudi nzito yenyewe, na dereva hajafanya lolote zaidi ya kushika gesi.

Mwanzo wa jambo hili mnapaswa kuujua, kwa sababu ndio unaoeleza tabia zake. Uholanzi, mwaka 1958, kampuni ya DAF ya Hub van Doorne ilitoa gari dogo, DAF 600, lililoendeshwa kwa mikanda ya mpira na puli za namna hii. Lilikuwa na uwezo wa kurudi nyuma kwa kasi ileile linayokwenda mbele, na Waholanzi wakafanya mashindano ya kurudi nyuma. Marekani, wazo hilohilo likapata makao kwenye pikipiki za theluji. Polaris, watu wa mji mdogo wa Roseau kule Minnesota, walikuwa mafundi wa pikipiki za theluji tangu miaka ya 1950, na mwaka 1985 walipotoa kwadi yao ya kwanza waliitia mkanda waliouzoea.

Honda walifika mapema zaidi, na kwa njia nyingine. Mwaka 1970 walileta ile ya magurudumu matatu, US90, yenye injini ya pikipiki, gia 4 na klachi inayojishika yenyewe. Walikuwa wametengeneza pikipiki maisha yao yote, kwa hiyo walipotaka kupita mchangani na kwenye theluji walichukua giaboksi ya pikipiki wakaiwekea matairi manene kama mapulizo. Ile ya magurudumu matatu iliumiza watu wengi, na mwaka 1988 uuzaji wake ulikomeshwa Marekani, lakini giaboksi yake iliendelea kuishi ndani ya kwadi.

Basi gia ni mtoto wa pikipiki. Mkanda ukakulia kwenye theluji, na theluji ni baridi. Mashine ya theluji inapita kwenye hewa ya baridi saa zote, nayo inaupoza mkanda bila gharama. Sisi tumeuchukua mkanda huohuo tukauleta Diani mwezi wa pili, saa nane mchana, nyuma ya mgeni anayekwenda mwendo wa kutembea kwa miguu. Halafu tunashangaa unanuka.

Mkanda hauuawi na umri. Mkanda unauawa na joto, na joto linatoka kwenye kuteleza. Ndani yake ni mpira ulioshikwa na nyuzi kali za aramidi, zile wanazofumia fulana za kuzuia risasi. Nyuzi hazikatiki ovyo. Lakini mpira ukiteleza juu ya chuma, nguvu ya injini ambayo haikufika kwenye tairi inageuka moto palepale. Na hata mkanda unaofanya kazi vizuri unapoteza zaidi ya gia. Meno mawili ya chuma yanapopokezana nguvu, kinachopotea ni asilimia 1 au 2 tu. Mkanda wa mpira mara nyingi unafikisha asilimia 80 hadi 90 ya ulichoupa. Kilichobaki kinakaa ndani ya kile kifuniko cha plastiki, kinangoja hewa ije kukitoa.

Nilifanya ufundi Oman miaka 11, zaidi kule Bidiya, ukingoni mwa mchanga wa Sharqiya. Mwenye gereji alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, na sisi wote pale tulisema Kiswahili kutwa nzima. Huko ndiko nilikoupenda mkanda, naliungama hilo mbele yenu ili msinione mtu wa gia tupu. Mbele ya tuta la mchanga lenye kimo cha mnazi hakuna nafasi ya kupanga gia. Ukiachia gesi kidogo uingize gia, magurudumu yanazama na mwendo wako umekwisha. Mkanda haukatizi nguvu hata mara moja. Injini inakaa palepale inapotoa nguvu zake zote, na puli ndizo zinazobadilika. Kijana wa jana anapanda tuta ambalo mwenye gia wa miaka 5 anarudi nyuma mara tatu kabla ya kulipanda.

Mikanda ilikatika, naam. Jioni moja ulikatika tukiwa na wageni sita mbali na kambi, jua linazama. Tulikuwa na mkanda wa akiba chini ya kiti. Tukafungua kifuniko, tukatoa nyuzi zilizojisokota kwenye puli, moja moja, kwa mkono, tukapuliza vumbi, tukavisha mkanda mpya ukitazama upande wa mshale wake. Haikufika saa nzima. Tulirudi na wageni wote, na mashine zote zikija kwa miguu yake.

Sasa nilinganishe na kwadi ya gia niliyoletewa baada ya kurudi nyumbani. Jino la gia ya tatu lilikuwa limevunjika. Mashine ilikuwa ya shamba, imevuta mbao na maji miaka mingi bila kulalamika, na mwenyewe aliisifu kama ng'ombe wa kulima. Lakini gia za mashine zile zinakaa ndani ya injini yenyewe, kwa hiyo kulifikia jino moja ni lazima kupasua injini. Nikaipasua. Gia ikaagizwa ng'ambo. Injini ikakaa juu ya meza yangu miezi miwili na nusu, imefunikwa kanga, na mzee wa watu akibeba maji kwa punda.

Ndiyo maana swali la nani ana nguvu zaidi silipendi. Mimi nauliza: mashine hii itakufa wapi, na nani yuko hapo wa kuifufua? Mkanda ni kama fyuzi ya umeme. Umewekwa uwe dhaifu kuliko vilivyo pembeni yake, ukatike wenyewe, giaboksi isalimike, nao unabadilishwa chini ya mti. Hata fyuzi hiyo ikiungua vibaya ina madhara: vipande vya mkanda uliopasuka kwa kasi vinaweza kutoboa kifuniko na kuharibu sili za shafti, nimeyaona hayo. Lakini kwa kawaida unalipa mkanda tu. Gia inakaa miaka ambayo mkanda haukai. Siku ikivunjika, haivunjiki peke yake.

Nasikia kijana pale anasema kwadi yao ina mkanda na ina gia pia. Umesema kweli, na wengi wanachanganyikiwa hapo. Nyuma ya puli za mkanda kuna giaboksi ndogo, ndiyo yenye ule mkono wenye H ya mwendo wa juu, L ya mwendo wa chini wenye nguvu, N ya kuachia huru, na R ya kurudi nyuma. Meno yamo. Tofauti ni nani anayebadilisha mwendo wakati unakwenda.

Na hapa kwenye L naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu nimezunguka gereji nyingi za pwani hii, na nadhani hakuna kitu kinachochoma pesa zetu kuliko mkono ulioachwa kwenye H kutwa.

Msafara wa wageni kumi unakwendaje? Mwongozaji mbele, mgeni mwoga wa pili, na wote wanamfuata huyo mwoga. Mwendo wa baiskeli, pengine chini ya hapo. Wanasimama, wanapiga picha, wanaondoka, wanasimama. Kwenye H, kwa mwendo huo, puli ya mbele haijapata mzunguko wa kutosha kuubana mkanda sawasawa. Inaushika nusu. Mkanda unateleza kidogo kila anapoondoka, na kifeni kilichomo kwenye puli hakivuti hewa ya maana kwa sababu injini iko chini. Joto linazaliwa na halina mlango. Polaris wameandika katika vitabu vyao vya wenye mashine kwamba kama wastani wa mwendo wako ni chini ya kilomita 11 kwa saa, au unavuta mzigo, utumie L. Wamesema wao wenyewe waliotengeneza. Kwenye L, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, vizito vinabana, kifeni kinapuliza, mkanda unapoa. Mgeni atasikia injini inapiga kelele, atauliza. Mwambieni ni kwa ajili ya mashine.

Mikanda imefika wapi? Nyuma kabisa? Vizuri. Mwenye kushika ule wa kwanza, utazame ubavuni. Unang'aa kama kioo, sivyo? Huo haujakatika, lakini haushiki tena. Umepikwa polepole na misafara ya H. Wa pili una sehemu moja iliyolika pande zote mbili, kama kiuno cha nyigu. Huyo alikwama: tairi zimezuiwa na jiwe au tope, dereva akashindilia gesi, puli ya mbele ikazunguka ndani ya mkanda uliosimama, ikala mahali pamoja. Ukipanda kwadi ukasikia mdundo, dum, dum, dum, unaopanda na mwendo, usihangaike na beringi za magurudumu. Fungua kifuniko utafute kiuno hicho. Wa tatu, semeni wenyewe una nini. Nitaurudia.

Sasa gia. Wanaoidharau hawajavuta mzigo kwenye mfinyanzi wa Kwale wakati wa masika. Unaweka gia ya kwanza, na kila mzunguko wa injini unafika chini bila kuuliza. Unaweza kwenda mwendo wa kobe mchana kutwa, na hakuna kitu kinachopikwa, kwa sababu jino limeshika jino na oili inazunguka juu yao. Na maji hayaingii kirahisi. Kwadi ya mkanda inahitaji kupumua, ina mirija miwili, mmoja wa kuvuta hewa na mmoja wa kuitoa, na maji yakifika kwenye midomo ya mirija hiyo mkanda unalowa na mashine inakataa kwenda, injini inanguruma tu. Ikiwapata, zimeni, tafuteni kizibo kilicho chini ya kifuniko kwenye nyingi ya mashine hizi, toeni maji, wekeni N, kisha mpige gesi kidogokidogo mpaka pakauke. Yakiwa maji ya bahari, jioni hiyohiyo kifuniko kifunguliwe na puli zisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushwe. Chumvi na aluminiamu hazipatani.

Adui wa gia ni oili mbaya. Klachi ya kwadi nyingi za gia inaogelea ndani ya oili ya injini, oili moja kwa kazi zote. Ndugu yangu anamimina oili ya gari, tena ile nyepesi ya kupunguza msuguano, kwa kuwa ipo dukani na ni rahisi. Ile oili imetiwa dawa ya kuteleza. Klachi inahitaji kushika. Inaanza kuteleza, pleti zinaungua, mabaki yake yanazunguka na oili mpaka kwenye gia, halafu tunasema mashine za gia za siku hizi ni dhaifu. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Na kila asubuhi tazameni oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, mashine isitoke.

Kuna gia za kisasa ambazo zimejaribu kuchukua utamu wa mkanda. Honda mwaka 2009 walitia klachi mbili kwenye kwadi yao ya Rancher: klachi moja inashika gia ya 1, 3 na 5, nyingine 2 na 4. Ukiwa kwenye ya pili, ya tatu imekwisha ingia, inangoja tu klachi yake ishike. Nguvu haikatiki kama zamani. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi. Ila ina kompyuta, ina vali, ina sensa, na nawauliza lile swali langu: itafufuliwa na nani, huku Msambweni?

Yamaha nao waliendea upande wa pili. Kwenye Ultramatic yao mkanda hukaa umekazwa muda wote, hata mashine ikiwa imesimama, na kinachoteleza wakati wa kuondoka ni klachi iliyo ndani ya oili. Mkanda umepumzishwa kazi inayouua. Nikiona kwadi ya mkanda yenye umri mkubwa na mkanda wake wa kwanza, mara nyingi ni ya namna hiyo.

Nimebakisha la mteremko, na hili si la pesa.

Kwadi ya gia ukiachia gesi kwenye mteremko, injini inaishikilia. Kwadi ya mkanda ya zamani haifanyi hivyo. Mzunguko ukishuka, puli ya mbele inauachia mkanda, na mashine inakuwa toroli. Za sasa nyingi zimetiwa kifaa cha kushika upande mmoja ili injini isaidie kuzuia, lakini hizi tunazonunua mkono wa tatu si zote. Kule Oman, kijana tuliyekuwa naye gereji alizoea gia. Akapewa kwadi ya mkanda aipeleke chini kwenye bonde. Alipofika kwenye mawe akaachia gesi, kama mkono wake ulivyojua kufanya, na mashine ikaongeza mwendo badala ya kupunguza. Akakamata breki zote kwa pamoja, ikapinduka. Mguu wake haukupona sawasawa, anachechemea mpaka leo. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ile ni tofauti na aliyoizoea. Nami nilikuwepo asubuhi ile, nilimkabidhi ufunguo.

Kwa hiyo naomba, kabla ya mgeni yeyote kupanda, mwongozaji ajue kwa kuijaribu mwenyewe kwenye kilima kidogo: hii nikiachia gesi inashika au haishiki? Kama haishiki, L iwekwe kabla ya mteremko kuanza, mashine ikiwa imesimama, na breki zikamatwe taratibu tangu juu. Mgeni aambiwe kwa lugha anayoielewa. N isiguswe kamwe kwenye mteremko.

Mama mmoja ameniletea karatasi hapa: anataka kununua nne za kukodisha, achukue zipi? Mama, kwa wageni wako, ambao wengi hawajawahi kupanga gia maishani mwao, nunua tatu za mkanda, zenye L na zenye kushika mteremkoni, zote za aina moja ili mkanda mmoja wa akiba uzifae zote. Ya nne, ya mwongozaji wako, iwe ya gia. Huyo ndiye atakayewavuta waliokwama, na kamba ya kuvutia ikikazwa kwenye tope ndipo mkanda unapolika kiuno. Kama una shamba Shimba Hills na trela la nazi, sahau niliyosema, chukua ya gia peke yake na kopo la oili. Mkanda mpya ukiufunga, usiukamue siku ya kwanza. Polaris wanasema uende taratibu kilomita 80 za mwanzo. Na usinunue mkanda kwa kuutazama. Ipo ya bandia yenye rangi na maandishi sawasawa na ya kweli, na nimeifungua nikakuta nyuzi ndani si aramidi.

Swali la mwisho naliona hapa: mkanda ubadilishwe baada ya kilomita ngapi? Mimi sifuati kilomita. Nafuata upana. Kitabu cha kila mashine kina kipimo cha upana wa mkanda mpya na kipimo cha mwisho cha kukubalika, na tofauti baina yao ni milimita chache tu. Mkanda ukipungua upana unazama ndani ya puli, kuondoka kunakuwa kuzito na kilele cha mwendo kinapungua, na dereva anailaumu injini. Ule mkanda wa tatu niliowapa hauna mng'ao, hauna kiuno, nyuzi zake hazijatoka. Nimeuliza watu watatu njiani kuja huku, wote wamesema ni mzima. Kalipa iko hapa mezani, na kipimo cha kitabu nimekiandika ubaoni. Aliyenao asogee mbele, tuupime.